Mpishi wa Masista, Mpishi wa Waislamu

Nimekabidhi jiko kwa Zaituni na wenzake, nimebaki na aproni moja ambayo hakuna aliyeitaka. Siku ya kuniaga wakasema, "Mama Nolasko, tuachie basi na maneno kidogo." Maneno ninayo. Mwandiko wangu ni wa darasa la tano, kwa hiyo someni polepole, na mkikuta jina la mtu msishtuke. Walionitenda walitenda mchana kweupe, sioni kwa nini mimi niwafunike blanketi.

Kuhusu vyeo sitasema kitu. Mpishi ana cheo kimoja tu: watoto wameshiba au hawajashiba.

Nilizaliwa Kate, Nkasi, katika nyumba ya mahindi na ulezi. Niliingia jiko la shule ya wasichana ya masista nikiwa binti ambaye hajapata hata posa. Nilikuta mama mmoja mfupi, ugoro puani, anasonga ugali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Huyo ndiye Leokadia, aliyenifundisha kazi. Mimi na adabu zangu za nyumbani nikachuchumaa, nikapiga makofi polepole kama tunavyowaamkia wakubwa Ufipa. Nikasema shikamoo mama. Hakugeuka.

"Marahaba. Hayo makofi utanipigia nikifa. Njoo ushike huku, ugali hausubiri salamu."

Siku ile nilisonga mpaka mabega yakafa ganzi. Jioni akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia nimejifunza kwamba ugali ni mzito. Akacheka. "Mzito ni wewe. Unasonga kwa mikono. Ugali wa watoto wengi unasongwa kwa kiuno, mikono inafuata tu kama mkia." Ninyi vijana mnaolalamika mgongo, rudieni sentensi hiyo.

Alinifundisha na moto. Kuni mbichi, alisema, ni kama mume mlevi: kelele nyingi, moshi tele, chakula hakuna. Alinifundisha kwamba baridi ya kwetu, hasa upepo ukianza mwezi wa sita, inapika sufuria upande mmoja, kwa hiyo kinga upande wa upepo kwa bati au kwa matofali. Maharage ya huku juu yana kiburi. Yalowekwe tangu jana, la sivyo watoto watayatafuna kama kokoto, na jina litakaloharibika ni lako, siyo la maharage. Na alinifundisha kusikiliza uji. Uji ukikaribia kufurika hubadili sauti. Mpishi asiyesikiliza ana kovu. Mimi ninalo mkono wa kushoto, na hilo silo kosa langu, ni kosa la Kaspar, bwana stoo, aliyeleta mafiga mawili mapya na la tatu bovu. Nilimwambia linayumba. Akasema, "Limevumilia tangu asubuhi, litavumilia mpaka jioni." Halikuvumilia. Jina la Kaspar mliweke kichwani, tutakutana naye tena.

Kitu kingine Leokadia alichonipa ni habari ya sufuria. Yeye alianza kazi zamani sana, shule ya misheni ya mwanzo, ile iliyochukuliwa na serikali enzi za Azimio la Arusha. Alituhadithia tukimenya viazi.

"Asubuhi shule ilikuwa ya masista. Saa ya chakula wakaja mabwana na gari, wakasema kuanzia leo ni ya wananchi wote. Mimi ninapika maharage. Nikawauliza, na sufuria? Wakasema, na sufuria. Nikawauliza, na mimi? Wakatazamana."

Tulicheka mpaka viazi vikadondoka. Yeye hakucheka sana. Alisema sista mkubwa alikaa kwenye gunia la mahindi akalia bila sauti, na wazee wa Kikatoliki walisimama nje ya uzio wameshika kofia zao mkononi, hawajui la kufanya. Miaka ikapita, serikali yenyewe ikaona watoto ni wengi kuliko shule, madhehebu yakaruhusiwa tena kuanzisha shule zao. Hivyo ndivyo ilivyopatikana ile ya wasichana niliyoingia mimi. Mimi nilipokea habari hiyo kama hadithi ya jikoni tu. Sikujua kwamba ina nguvu ya kutosha kufunga mkutano.

Shule ya masista ilikuwa nzuri, na kitu kizuri hakina dini. Wafanyabiashara Waislamu wa Sumbawanga mjini wakaanza kuleta mabinti zao. Sista mkuu wa wakati ule, mwanamke wa haki, alikaa na wazazi wakaelewana: mabinti hawataburutwa kwenda misa, na jikoni watakuwa na sufuria yao. Kwani shuleni tulifuga nguruwe, na sisi Wafipa na nguruwe ni majirani wa siku nyingi. Sufuria ile niliifunga waya mwekundu kwenye mkono wake, nikaitunza kama mtoto wa kambo ambaye baba yake ni mkali. Miaka mingi hakuna aliyelalamika.

Akaja sista mwingine, mpole mno. Sista mpole akiwa na bwana stoo kama Kaspar, anayeongoza shule ni Kaspar. Na huyu Kaspar wakati huo alikuwa amekuwa mwenyekiti wa walei, waumini wasio mapadre wala watawa, parokiani, suti yake ya kijivu na rozari mfukoni inayoning'inia nje kidogo ili ionekane.

Sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa shule mimi nilikuwa msibani Kate. Nilirudi mchana. Kabla sijavua kilemba nikasikia harufu. Nikafungua. Nyama ya nguruwe inachemka ndani ya sufuria yenye waya mwekundu.

"Kaspar, umefanya nini?"

"Nyama ilikuwa nyingi, sufuria hazikutosha."

"Hii si ya mabinti wa Kiislamu?"

Akageukia wenzake. "Haya jamani, tuambieni, kwani na sufuria nazo zimebatizwa? Ipi Yohana, ipi Asha?" Watu wakacheka. Nami nimeishi na kicheko kile muda mrefu kuliko na lile kovu.

Niliwaambia mabinti wasile chochote cha jikoni siku ile. Wakalala na mkate wa dukani. Wazazi walipokuja juu, Kaspar akamwambia sista kwamba aliyechanganya vyombo ni Mama Nolasko, na kwamba baada ya kuchanganya ndipo nikaenda kuwachochea watoto. Kijana aliyepakua nyama alijua ukweli, akanyamaza. Simlaumu, alikuwa na mke mpya. Sista akaamini suti. Nikaondolewa. Mabinti wa Kiislamu nao wakaondolewa na baba zao, mmoja mmoja, magodoro juu ya bodaboda.

Nilirudi shambani kwangu, kijiji cha jirani na shule ile ya masista. Mtu aliyezoea kulisha shule nzima akianza kujipikia peke yake, anatupa chakula kwa wiki kadhaa. Mkono hauamini.

Waislamu walikuwa na kiwanja jirani na kijiji chetu, mwendo mfupi kutoka Pito, nje ya mji wa Sumbawanga, chenye madrasa na bweni dogo la watoto waliosoma shule za kata mchana. Wakaamua sasa: tutajenga sekondari yetu ya wasichana. Siku moja nikiwa napalilia, nikaona kanzu inakuja kati ya mahindi, imechafuka hadi magotini. Ustadhi Hamisi, mtu wa Ujiji, mwenye sauti ya kuuza samaki.

"Mama, tunatafuta mpishi."

"Mimi Mkatoliki, ustadhi."

"Nimeulizia mpishi. Ubatizo sikuulizia."

"Waislamu hawana wapishi?"

"Wapo. Wanapika pilau la harusi, mara moja kwa mwezi, wanapigwa picha. Mimi nataka mtu wa kulisha watoto kila siku kwenye baridi yenu hii. Mabinti wenyewe ndio wamekutaja."

Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri mpaka mwisho wa tuta.

Hapo ndipo kijiji kilipochafuka. Filbert, mwenyekiti wa kijiji, aliitisha mkutano, na kila mtu alijua kwamba aliyemwambia aitishe ni Kaspar. Ajenda: shule ya Waislamu ijengwe au isijengwe. Nilijiuliza tangu lini watu wanapigia kura mwenzao asome wapi, lakini nilikwenda kukaa chini na akina mama.

Ustadhi alisimama na kitabu kidogo cha Katiba. Akaeleza kwa upole kwamba mambo ya jumuiya ya dini yanaendeshwa na wenye dini yao, si kazi ya mamlaka ya nchi kuyaendesha, na kila raia yuko huru kutafuta elimu anayoitaka. Wizara ina masharti yake ya madarasa, vyoo, walimu, jiko, nao watayatimiza kama kila mtu. Hakuomba upendeleo.

Kaspar akasimama. "Katiba hiyo iko Dodoma. Hapa ni Ufipa. Hapa ni nchi ya misheni tangu babu zetu."

Makofi. Filbert akauliza kama kuna mwingine, akitazama upande ambao hakuna mtu. Padre alikuwepo. Alikuwa anakagua kucha zake. Simtaji kwa sababu amehamishwa, na aliyehamishwa hana wa kumtetea.

Leokadia wakati huo alikuwa bibi kabisa, anatembea na fimbo. Aliinuka bila kuruhusiwa.

"Kaspar, mwanangu. Dini yako ilichimbwa hapa, pamoja na chuma walichokiyeyusha wazee wetu?"

Watu wakaanza kucheka chinichini.

"Bibi, keti," Filbert akasema.

"Nikikaa nitashindwa kuinuka, kwa hiyo niache nimalize. Mimi nilikuwepo walipochukua shule ya masista. Baba yako, Kaspar, alisimama nje ya uzio ameshika kofia, anatetemeka midomo, anasema, hii si haki, shule ni yetu, tumeijenga kwa matofali yetu. Nilimsikia kwa masikio haya. Na haki ilikuwa yake. Leo wenzenu wana matofali yao, ninyi mmekuja na gari. Nataka kujua kitu kimoja tu. Na sufuria mtachukua?"

Vijana hawakuelewa habari ya sufuria, wazee walielewa, na wazee ndio waliokaa mbele. Filbert akafunga mkutano kwa kusema suala litapelekwa ngazi za juu, maana yake ameshindwa. Kesho yake asubuhi nikaenda kwa ustadhi nikamwuliza jiko lake liko wapi, nilione.

Nililipia. Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo iliacha kupita nyumbani kwangu kusali. Mbele ya lango la kanisa Kaspar aliniambia watu wakisikia, "Endelea kuwapikia. Watakusilimisha kwa kijiko. Na siku ukifa tutaona nani atakubeba."

Nikamwambia, "Nikifa, Kaspar, hilo litakuwa tatizo lenu. Mimi sitakuwepo."

Nilijibu vizuri, lakini usiku sikulala. Kwetu kuachwa na jumuiya si mchezo. Niliendelea kwenda misa, nikikaa benchi la nyuma, na ile sehemu ya kupeana amani nilikuwa naitazama mikono yangu. Niliyavuka hayo. Wengine wangehama.

Jikoni kwa Waislamu nilianza kazi upya kama mwanafunzi. Nilijifunza kwamba kisu cha kuchinja si changu; ustadhi anachinja, mimi ninapokea nyama. Nao walijifunza kwangu. Siku ya kwanza nilipowasongea ugali wa ulezi, ustadhi aliuchungulia akasema, "Mama Nolasko, hii ni lami?" Nikamwambia ale kwanza, barabara tutaijadili baadaye. Alimaliza sahani. Siku hizi akisafiri Ujiji anabeba unga wa ulezi kwenye begi, na ndugu zake wanamwita Mfipa. Hakuna aliyewahi kunigusa kwa habari ya dini. Jumapili nilipewa ruhusa ya kwenda misa bila kuomba. Walinisumbua kwa mambo mengine, hasa mtindo wao wa kualika wageni bila kumwambia mpishi, lakini hilo nalo masista walikuwa nalo. Nadhani ni ugonjwa wa watu wa Mungu wote.

Basi madarasa yakaisha, wakaomba usajili. Ndipo malalamiko yakafika wilayani: shule hii inalazimisha watu dini, na mfano ni mpishi wao, Mkatoliki anayeburuzwa. Ustadhi aliniita, uso umemshuka. Akaniambia kwamba kuwa na shule ni haki yao, lakini kumlazimisha mtu ibada si haki ya yeyote, na likithibitika hilo, usajili hakuna. Yaani majengo yote yale, na mabinti waliokuwa wakisubiri, walikuwa wamekaa juu ya mdomo wangu.

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima ziligongana. Mkaguzi, siku hizi wanaitwa wathibiti ubora, akaja siku ya Ijumaa alasiri. Alikuja mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani, pamoja na Filbert kama mwenyekiti wa kijiji, na Kaspar ambaye alikuja kama Kaspar. Leokadia naye alikuwepo. Alikuwa na desturi ya kuja kuota moto wangu na kunikosoa. Kwa bahati mbaya au nzuri, asubuhi ile tajiri mmoja wa mjini alikuwa ameleta mbuzi wa sadaka kwa ajili ya futari. Supu ilikuwa jikoni, na mabinti wa bweni walikuwa wakinisaidia.

Mkaguzi alitazama jiko, akatazama stoo, akanusa. "Harufu hii nzuri. Imekolea chumvi?"

"Sijui, mama."

"Wewe si ndiye mpishi?"

"Ndiye mimi. Lakini leo ni Ijumaa ya Kwaresima. Sisi Wakatoliki hatuonji nyama."

Akavaa miwani. "Na hawa mabinti?"

"Wamefunga."

"Ustadhi?"

"Nimefunga, mama," Ustadhi Hamisi akasema. "Wapo wanaosema mpishi anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Mimi ulimi wangu siuamini. Ukishafika kwenye mbuzi haurudi."

Mkaguzi akaanza kucheka. "Sasa jamani, chakula cha watoto kitatoka bila mtu kukijua?" Na kwa kuwa Kaspar alikuwa amesimama jirani na sufuria, amenyoosha shingo kukagua kama kuna la kushtakia, ustadhi akamgeukia kwa heshima kabisa, "Mzee wangu, labda wewe utusaidie."

Wallahi, naapa kwa kiapo cha wenyeji wangu, ustadhi hakuwa na hila. Alisahau tu kwamba na Kaspar ni Mkatoliki. Na Kaspar naye alisahau. Akapokea upawa, akapuliza, akanywa, akatafuta na kipande cha mnofu, akatafuna akiwa amefumba macho kama fundi.

"Nzuri," akasema. "Ila chumvi haijafika."

Leokadia alitoa ugoro, akavuta taratibu.

"Kaspar, mwanangu. Leo siku gani?"

Aliganda na upawa hewani. Nimewahi kuona mtu aliyechomwa na uji, sijawahi kuona aliyechomwa na supu ya vuguvugu namna ile. Mabinti walikuwa wamebana midomo kwa khanga. Filbert akatoka nje, akasema anapokea simu; simu haikuwa imelia.

Mkaguzi akafuta miwani. Akarudisha uso wa kazi, akanigeukia. "Mama, nimetumwa kuuliza, nami nauliza. Hapa kuna mtu yeyote anakulazimisha katika mambo ya dini?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimepanga kusema kuhusu sufuria, kuhusu suti, kuhusu benchi la nyuma. Yote yakanitoka kichwani.

"Mama," nikasema, "mimi nimefunga yangu, wao wamefunga yao. Katika jiko hili leo amekula mtu mmoja tu, na hakuna aliyemlazimisha."

Usajili walipata. Mnaosoma haya mnaujua wenyewe, mnapika ndani yake. Kaspar alijiuzulu uenyekiti wa walei kwa sababu za kiafya. Jumuiya ilirudi kusali kwangu bila kueleza kwa nini, nami sikuwauliza, niliwapa chai. Sijamsamehe Kaspar, nimepunguza tu kumkumbuka.

Lakini mpishi lazima aseme kweli hata kwa adui yake. Wageni walipotoka nilichukua upawa, nikaitazama sufuria ile ya supu, nikawaza. Yule mtu alininyang'anya kazi, jina, na amani ya kanisani. Hata hivyo alikuwa na ulimi wa stoo, ulimi uliolelewa na masista. Nikaongeza chumvi.